Nyuma ya pingili moja ya muhogo: kazi ya watafiti wa serikali

Wanaokula kisamvu cha mpira wanaujua mti wake. Ni mti hasa, unapita paa la nyumba, na mzizi wake si wa kuchemsha. Jina lake la kitaalamu ni Manihot glaziovii. Wajerumani waliupanda kwa mashamba makubwa wakitafuta utomvu wa mpira, biashara ikafa, mti ukabaki mipakani na nyuma ya majiko. Umuhimu wake mkubwa kuliko huo haujulikani sana: bila mti huu, muhogo tunaolima leo Afrika Mashariki, na hata Nigeria, ungekuwa na hali mbaya sana mbele ya batobato, ugonjwa wa virusi unaokunja majani na kudumaza mmea.

Kazi hiyo ilifanyika Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, katika kituo cha serikali kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 na kufufuliwa na Waingereza miaka ya 1920. H. H. Storey, mtaalamu wa magonjwa ya mimea, alifika hapo akitokea Afrika Kusini, ambako alikuwa ameonyesha kwamba ugonjwa wa milia ya mahindi unaenezwa na kidudu kidogo kirukacho. Amani akageukia muhogo, pamoja na mzalishaji mbegu R. F. W. Nichols. Walikusanya aina za muhogo kutoka nchi mbalimbali wakazijaribu. Zilizostahimili kidogo zilikuwepo, za kutegemewa hazikuwepo. Ndipo wakaugeukia mti wa mpira, kwa kuwa batobato haiuwezi kirahisi.

Kuchanganya muhogo na mpira kunawezekana, ila mzao wa kwanza unasikitisha. Kinga anayo, lakini mizizi ni myembamba na migumu kama kuni. Ikabidi mzao huo urudishwe kwa muhogo wa kawaida, ukachanganywa tena na tena hadi mara tatu, na kila mara waliobaki ni wale tu waliohifadhi kinga huku mzizi ukinenepa. Miaka ya 1950 D. L. Jennings akaendeleza kwa kuchanganya wazao hao wao kwa wao. Mbegu za mojawapo, 5318/34, zikapelekwa Nigeria mwaka 1956, na huko kukachaguliwa mmea uliopewa namba 58308. Miaka ya 1970, S. K. Hahn wa IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha kitropiki iliyoko Ibadan, Nigeria, alitumia 58308 kuzalisha ukoo mzima wa aina za TMS. Uganda ilipopoteza muhogo wake kwa batobato kali iliyoanzia upande wa Luwero mwishoni mwa miaka ya 1980, aina zilizookoa jahazi zilitoka kwenye ukoo huo: TMS 30572 ikaitwa Migyera, au NASE 3, na timu ya serikali pale Namulonge chini ya G. W. Otim-Nape ikaisambaza. Yaani damu ya Amani ilizunguka hadi Ibadan ndipo ikarudi jirani.

Mzao mwingine wa Amani haukwenda mbali. Ule wenye namba 46106/27 uliishi mashambani pwani ya Kenya kwa jina la Kaleso, na kusini mwa Tanzania kuna muhogo uitwao Namikonga ambao vipimo vya vinasaba vimeonyesha ni huo huo. Wakulima waliutunza wenyewe miaka mingi baada ya kituo kuacha kazi ya muhogo. Leo ni miongoni mwa wazazi wanaotegemewa zaidi dhidi ya michirizi ya kahawia, ugonjwa mwingine wa virusi unaoharibu mizizi.

Sasa tuangalie kazi yenyewe inafanywaje, maana wengi hudhani mtafiti "anatengeneza" mbegu. Sehemu kubwa ya kazi yake ni kutupa.

Maua ya muhogo hukaa kwenye shada moja, majike chini na madume juu. Majike hufunguka kwanza, na madume ya shada hilo hilo huja siku kumi hadi kumi na nne baadaye. Kwa hiyo jike hufunikwa kwa kifuko cha chandarua kabla halijafunguka, na siku linapofunguka, kati ya mchana na alasiri, chavua ya mzazi mwingine hupakwa, kifuko hurudishwa na kibandiko cha majina hufungwa. Tunda lina vyumba vitatu, hivyo mbegu tatu ndiyo mwisho, na mara nyingi hupatikana pungufu. Baada ya siku 70 hadi 90 tunda hukauka na kupasuka lenyewe kwa nguvu, mbegu zikaruka. Asiyelibakiza tunda ndani ya kifuko amepoteza kazi ya miezi mitatu.

Kuna kikwazo ambacho hakizungumzwi sana. Muhogo hutoa maua pale unapogawanya matawi. Mkulima anapenda shina lililonyooka kwa sababu linatoa pingili nyingi, yaani vipande vya shina vya kupanda, na kupalilia chini yake ni rahisi, na shina hilo ndilo lisilochanua au linalochanua wakati wenzake wameshamaliza. Wazazi wawili wazuri wanaweza kukaa kwenye kitalu kimoja miaka bila kukutana.

Kila mbegu ya ua ni kiumbe tofauti, hakuna wawili wanaofanana. Mwaka wa kwanza kuna mche mmoja mmoja. Unaobaki hukatwa pingili chache, unakuwa mstari wa mashina matano hadi kumi. Mwaka unaofuata ni majaribio madogo yenye marudio, kisha makubwa: kitalu cha mashina 49, saba kwa saba, ambapo mavuno hupimwa kwa mashina 25 ya katikati tu, kwa sababu ya pembeni hupata mwanga na nafasi zaidi na kudanganya. Halafu majaribio ya mikoa kadhaa, halafu, kwa Tanzania, TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, wanaothibitisha kwamba aina ni tofauti na zilizopo na inafanya kazi kama ilivyodaiwa. Kuanzia chavua hadi kutangazwa, miaka minane hadi kumi si mingi. Anayelalamika kwamba kituo fulani "hakijatoa kitu miaka mitano" hajui hesabu ya zao hili.

Kupima kiasi cha unga ndani ya mzizi hakuhitaji mashine ghali. Chukua kilo tatu hadi tano za mizizi iliyooshwa, ipime hewani, kisha ipime ikiwa imezama ndani ya pipa la maji, ikining'inia kwenye kikapu. Gawanya uzito wa hewani kwa tofauti ya uzito huo na ule wa majini, zidisha jibu kwa 158.3, toa 142. Kilo 5 hewani na kilo 0.5 majini zinakupa karibu asilimia 34 ya uzito mkavu, yaani kinachobaki maji yakitoka, ambayo ni nzuri. Makosa ya kawaida ni kikapu kugusa pipa, udongo kubaki kwenye mizizi, au kupima mizizi iliyolala siku mbili ikapungua maji. Na ukivuna wiki chache baada ya mvua kuanza, aina nzuri itaonekana mbovu, maana mmea umeshaanza kuhamisha wanga kwenda kwenye majani mapya.

Kinachosumbua zaidi ni kupima ugonjwa. Batobato inajionyesha: jani limejikunja, lina mabaka ya njano na kijani, mmea umedumaa. Michirizi ya kahawia, ambayo Storey aliieleza mwaka 1936, ni janja. Majani ya juu yanapendeza. Dalili ziko kwenye majani ya chini yaliyokomaa, njano isiyo na mpangilio kando ya vishipa, na jani halijikunji. Shamba linasifiwa, mkulima anachimba, anakata mzizi, ndani kuna madoa ya kahawia makavu kama gamba. Kadiri mzizi unavyokaa ardhini ndivyo unavyoharibika, hivyo wengi wanavuna mapema na kupoteza uzito.

Kwa hiyo mtafiti hatosheki na majani. Huyapima miezi mitatu, sita na tisa kwa alama 1 hadi 5, halafu mwezi wa kumi na mbili kila mzizi hukatwa vipande kwa upana na kupewa alama yake. Moja ni mzizi safi, mbili ni doa lisilozidi asilimia tano ya nyama, tano ni zaidi ya robo. Kutoa wastani wa shamba zima ni hatari: aina yenye mizizi tisa safi na mmoja ulioharibika kabisa hupata wastani mtamu wa 1.4.

Hatari nyingine ni mmea kunusurika kwa bahati. Kama inzi weupe, wanaoeneza virusi hivi, walikuwa wachache msimu huo, kila aina itaonekana shujaa. Ndiyo maana majaribio hupelekwa mahali ugonjwa umekithiri, kama Chambezi kule Bagamoyo au Naliendele karibu na Mtwara, na mistari ya aina dhaifu yenye ugonjwa hupandwa katikati ya vitalu ili iambukize. Mwaka wa pili pingili za kupanda huchukuliwa kwenye shamba lile lile, si kwenye kitalu safi, ili ionekane kama aina inachakaa. Nyingi zilizong'aa mwaka wa kwanza huanguka hapo.

Hata waliofanikiwa wanaweza kupigwa chini. Kwa miongo mingi michirizi ya kahawia ilijulikana kama ugonjwa wa ukanda wa pwani, chini ya mita 1,000. Mwaka 2004 ikaonekana Uganda, juu ya kimo hicho, ikazikuta aina zilizokuwa zimechaguliwa kwa ajili ya batobato tu. Ikabidi kuanza upya, ndipo zikaja NASE 14 kule Uganda, na Tanzania mwaka 2012 zikatangazwa Pwani, Mkumba, Makutupora na Dodoma. Tahadhari: baadhi ya aina zinazosifiwa, Kiroba ikiwa mfano, huvumilia badala ya kukinza. Virusi vimo, mzizi unaharibika kidogo, ila shamba hilo ni ghala la ugonjwa kwa jirani aliyepanda aina dhaifu.

Kisha aina imetangazwa, mkulima haioni. Hapa lawama hupelekwa kwa watafiti, nadhani kimakosa. Gunzi moja la mahindi lina punje mia kadhaa za kupanda. Shina moja la muhogo kwa mwaka hutoa pingili kama kumi. Ukianza na mashina 10, mwaka wa kwanza una mia, wa pili elfu, wa tatu elfu kumi, yaani hekta moja tu kwa nafasi ya mita moja kwa moja. Pingili zenyewe ni mzigo mkubwa, hukauka, na zikisafirishwa zikiwa na virusi zinabeba ugonjwa hadi wilaya nyingine. Inzi mweupe hawezi kubeba michirizi ya kahawia mbali, kwa sababu virusi having'ang'anii mwilini mwake kwa muda mrefu. Lori la pingili linaweza.

Ndiyo sababu mbegu mama husafishwa maabara kwa kuukuza mmea kwenye joto na kisha kuotesha ncha ya chipukizi isiyozidi nusu milimita, ambayo virusi mara nyingi havijaifikia. Baada ya hapo, usafi unategemea wazalishaji wa pingili vijijini na ukaguzi wa TOSCI.

Ukinunua, nenda shambani kwa mzalishaji kabla majani hayajapukutika, kwa sababu kiangazi kikishaingia mashina yote yanafanana. Funga kitambaa kwenye mashina safi uliyoyakagua hadi majani ya chini, na umwombe achimbe matatu au manne, mkate mizizi pamoja. Chukua sehemu ya katikati ya shina, pingili za sentimita 20 hadi 30 zenye macho matano hadi saba. Ekari moja inahitaji kama 4,000. Ukipanda, pita kila wiki kwa miezi mitatu ya mwanzo na kung'oa mche wowote wenye batobato, hata kama umechipua vizuri kuliko wote.