Wimbo ambao baba hakuusikia

Somo: Kutoka 20:12, Zaburi 71:9

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimeitazama tena filamu ya zamani ya Marekani, I Never Sang for My Father, ya mwaka 1970. Jina lake ni maneno ya mwana anayekiri kwamba hakuwahi kumwimbia baba yake. Kabla ya kuwa filamu ilikuwa mchezo wa jukwaani ulioandikwa na Robert Anderson, na ukisikiliza mazungumzo yake utadhani alikaa sebuleni kwako akaandika.

Mzee Tom Garrison, aliyeigizwa na Melvyn Douglas, aliwahi kuwa meya, na bado anataka akizungumza nyumba nzima inyamaze. Alimfukuza binti yake Alice kwa sababu aliolewa na Myahudi. Mwanawe Gene, aliyeigizwa na Gene Hackman, ni mtu mzima aliyefiwa na mke. Sasa anatamani kuhamia California akaoe tena, lakini kila akitaka kumwambia baba, ulimi unakuwa mzito.

Mzee ana hadithi moja ambayo haishi. Baba yake mwenyewe alikuwa mlevi, akaitelekeza familia. Anaisimulia leo, kesho anaisimulia tena, na watoto wameichoka. Nilipoitazama filamu hii mara ya kwanza nilichoka pamoja nao. Safari hii nilimsikia mtoto analia ndani ya yule mzee. Hakuwahi kuonyeshwa namna ya kuwa baba, akajifunza peke yake, akajifunza kwa ukali.

Kisha mama anafariki. Baba na mwana wanakwenda kuchagua jeneza, na wanaume wawili wanatembea katikati ya majeneza wakizungumzia bei. Hapo nilisimamisha filamu kwanza. Wangapi wetu tumekutana na baba zetu kwenye bei, karo, dawa na nauli, tukaagana bila kugusa lililotuleta?

Katika Kiebrania, neno tunalosoma kama "waheshimu" katika ile amri ya tano linatokana na uzito. Mpe baba yako uzito. Amri haikusema umwonee raha, wala haikungoja awe baba mwema kwanza. Gene anafanya yote yanayoonekana: anawapokea wazazi uwanja wa ndege, anaendesha gari, anakuja akiitwa. Miguu na mikono ipo. Ila kuna kitu kidogo anachokizuia. Alikuwa akimwimbia mama yake, na baba akitaka naye asikie, wimbo ulikuwa umekwisha. Kosa la namna hiyo hakuna kanisa litakalokuita mbele ulitubu, lakini mzee alilibeba hadi uzeeni.

Niseme wazi, maana najua wapo wanaosoma haya wakiwa na majeraha: simwambii mtu arudi akakae chini ya mkono uliompiga. Paulo alipomaliza kuwaambia watoto watii, aliwageukia akina baba papo hapo: "msiwachokoze watoto wenu" (Waefeso 6:4). Tunaihubiri sana nusu ya kwanza. Ya pili tunaipitia mbio.

Usiku wa mwisho mzee yuko chumbani, amevaa nguo za kulalia, na kwa mara moja kuna upole kati yao. Ukitazama unaomba moyoni, Bwana, isiharibike. Gene anaitaja California, na inaharibika. Mzee anafoka, mwana anaondoka usiku uleule. Baadaye baba anaugua, analazwa hospitalini, lakini saa ya kuzungumza imepita. Mzee anakufa, na Gene anabaki akikiri kwamba neno "baba" likitajwa bado lina uzito kwake. Uzito uleule wa amri ya tano.

Agano la Kale kwa mpangilio wetu linafungwa na ahadi juu ya jambo hili: Mungu atamtuma nabii Eliya, naye "ataigeuza mioyo ya baba iwaelekee watoto wao, na mioyo ya watoto iwaelekee baba zao" (Malaki 4:6). Kazi hiyo inaanzia kwa Mungu. Nafarijika sana na hilo, kwa sababu nimejaribu kuugeuza wangu mwenyewe nikashindwa.

Jumapili jioni nilimpigia baba simu. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu." Haukupita muda akaanza ile hadithi yake, jinsi alivyoondoka nyumbani kijana mdogo kwenda kutafuta kazi. Naijua neno kwa neno, na kwa kawaida hapo ndipo namwambia kuna mtu ananiita. Safari hii nilikaa. Alipofika pale anapopanda gari na kabegi kake nikamuuliza, "Baba, siku ile uliogopa?"

Akanyamaza. Nikasikia anavuta kiti.