Mjomba, redio yako haina mtu aliye hai?

Mpwa wangu alikuja kwetu Tanga likizo ya Juni, akaomba simu yangu asikilize muziki. Akaipekua orodha ya wasanii kutoka juu hadi chini, dole gumba likiteleza tu, kisha akauliza bila utani: "Mjomba, redio yako haina mtu aliye hai?"

Nilicheka. Baadaye nikiwa peke yangu nikaona hana kosa. Nilikuwa nimehangaika miezi minne kujenga maktaba yangu ya muziki nyumbani, na tangu niiwashe sikuwa nimekutana na wimbo hata mmoja nisioujua.

Mwanzo wake ulikuwa hasira. Nilikuwa nalipia huduma ya muziki mtandaoni kila mwezi, sikosi. Siku moja natafuta taarabu ya Lucky Star, kikundi cha hapa Tanga, niliyoihifadhi mwenyewe, nakuta jina lipo lakini limefifia, rangi ya majivu. Nabonyeza, kimya. Wiki hiyohiyo tukawa tunagawana vitu vya marehemu baba mdogo, na katoni la kaseti 61 halikuwa na mwenyewe. Nikalibeba.

Mitambo haikunisumbua sana. Nilinunua Raspberry Pi 4, nikaichomekea diski ya 1TB, nikaweka Navidrome, programu ya bure inayogeuza kompyuta ndogo kama hiyo kuwa seva ya muziki. Kwenye simu nasikilizia kwa programu ya Symfonium, na nikiwa mbali na nyumbani napitia Tailscale, inayoiunganisha simu na seva yangu kupitia intaneti. Kwa mtu asiyeogopa kuandika amri mbili tatu, ni kazi ya Jumamosi moja.

Kaseti ndizo zilizonikalisha kitako. Kaseti ya dakika 60 inataka dakika 60, hakuna njia ya mkato. Unasafisha kichwa cha redio kwa pamba na spiriti, unaunganisha waya kwenye kompyuta, unawasha Audacity, programu ya kurekodi sauti, unakaa. Baba mdogo hakuwa na waya. Alikuwa akiweka kinasa sauti mbele ya redio na kuwaamuru watu wote wanyamaze. Katika kaseti moja, fidla zikiwa zimeshapanda, unamsikia mwenyewe akifoka: "Nani huyo? Funga mlango!" Mlango unagonga kweli, halafu fidla zinaendelea na mambo yao. Programu ina uwezo wa kukata kipande kama hicho. Sikukikata.

Basi nikawa na maktaba safi, na kila wimbo ndani yake naujua. Seva ya nyumbani haijui kitu usichoitia. Ukiiambia ichanganye nyimbo, inakoroga chungu kilekile.

Kilichonifungua macho ni uchafu wa majina. Kwenye orodha nilikuwa na Black Star, Black Star Musical Club na Blackstar Tanga, vikundi vitatu kumbe kimoja. Nikaanza kusahihisha tegi, yaani majina yaliyoandikwa ndani ya mafaili, kwa programu ya Picard, inayochota taarifa kutoka MusicBrainz, hazina ya mtandaoni ya taarifa za muziki. Kwa muziki unaojulikana duniani inafanya kazi vizuri, lakini kaseti za Ngamiani, hapa Tanga, haizifahamu. Ikabidi nimfuate mzee mmoja wa mtaa wa nyuma, fundi redio aliyestaafu, simu mkononi na daftari kwapani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo umeniletea akina nani?"

Nilimpigia Simba Wanyika, ambao maisha yangu yote niliwahesabu kuwa bendi ya Kenya. Mzee akanitazama kama mtoto aliyepotea njia ya kwao. "Hawa vijana wa hapa hapa. Wilson na George Kinyonga. Walianza na Jamhuri Jazz."

Nikaandika. Usiku nikaufuata uzi: Jamhuri Jazz ya Tanga, kisha Arusha Jazz, kisha Nairobi mwaka 1971 na Simba Wanyika yenyewe. Mwaka 1978 wakachomoka baadhi ya wapigaji, akiwemo Omar Shabani wa gitaa la ridhimu na Tom Malanga wa besi, wakaunda Les Wanyika pamoja na John Ngereza. Nyimbo za Les Wanyika nazijua toka utotoni, lakini sikuwahi kuziunganisha na mtaa wangu. Nikaanza kusikiliza kwa majina ya wapigaji badala ya majina ya bendi, na kila jina likawa na jingine nyuma yake.

Sasa kichekesho: nyimbo nyingi za uzi huo nilizipata kwenye mtandao uleule niliouhama kwa hasira. Nililipia tena mwezi mmoja. Tofauti ni kwamba zamani niliingia mikono mitupu na kuiachia mashine inichagulie. Mashine huangalia waliosikiliza wimbo huu wamesikiliza nini kingine. Bendi ya zamani ya Tanga ina wasikilizaji wachache, kwa hiyo nianzie popote, baada ya nyimbo nne narudishwa kwenye vibao vilevile vya kila harusi. Siku hizi naingia kama mtu aendaye sokoni na kikaratasi. Naandika jina, nasikiliza, ninachokipenda natafuta CD yake au faili la kununua, nafunga. Nalipia mwezi mmoja, napumzika miwili au mitatu.

Nilipata na hasara. Umeme ulikatika usiku, ukarudi, ukakatika tena, na memori kadi ya ile Pi ikafa. Muziki ulikuwa salama kwenye diski, lakini nyota zote nilizozipa nyimbo na hesabu ya nilivyozisikiliza vilikuwa kwenye kadi. Miezi minane ikapotea. Sasa hifadhidata inanakiliwa kwenye diski kila usiku, nimeweka na UPS ndogo, betri ya kushikilia umeme ukikatika, na ninachosikiliza kinaandikwa pia ListenBrainz, tovuti ya kuweka kumbukumbu za usikilizaji, nje ya nyumba yangu. Huko napata faida ya pembeni: inanionyesha watu wenye masikio yanayofanana na yangu, nami nachungulia wanachosikiliza. Mara nyingi naishia Kongo, jambo ambalo sina ugomvi nalo.

Kwenye singeli nimeinua mikono. Wimbo unatoka Dar leo, kesho mpwa wangu anao, na mimi na kaseti zangu hatuna habari. Nimemfungulia jina lake kwenye seva, na kila akija ananiwekea nyimbo tano za watu walio hai. Mbili kati ya tano huwa nazivumilia. Kasi ya mapigo zaidi ya 200 kwa dakika si ya mtu mwenye goti kama langu, lakini kuna moja naisikiliza kwa hiari, na yeye anajua ni ipi.

Malipo yake aliyachukua bila kuomba. Juzi simu yake iliita tukiwa mezani, na kutoka kwenye spika tukamsikia babu yake akifoka: "Nani huyo? Funga mlango!" Dada yangu aliinuka kwenda kuufunga.