Kumbukumbu ya mradi: rifu za Tony Iommi kwa vidole viwili vizima

Jumamosi

Sheria ya mradi nimeibandika juu ya amplifaya: kidole cha kati na cha pete havigusi uzi bila kuvaa subana. Nataka kupiga rifu, yaani vifungu vifupi vya gitaa vinavyojirudia, za albamu tatu za mwanzo za Black Sabbath, bendi ya Iommi, kuanzia ile iliyotoka tarehe 13 Februari 1970 hadi Master of Reality ya 1971, nijue ule uzito wa sauti yao unatoka wapi. Wengi husema unatoka kwenye distosheni, yaani sauti ya gitaa kukwaruzwa kwa makusudi. Mimi nina shaka.

Kwa msomaji asiyemjua: Iommi ni mpiga gitaa wa Black Sabbath, wa Birmingham, Uingereza, alizaliwa 1948, na hupiga kwa kushoto, yaani mkono wa kulia ndio unaobana nyuzi. Akiwa na miaka 17, siku yake ya mwisho kazini katika kiwanda cha mabati, mashine ilimkata ncha za kidole cha kati na cha pete cha mkono huohuo wa kulia. Msimamizi wake alimpelekea sahani ya muziki ya Django Reinhardt, mpiga gitaa aliyebaki na vidole viwili vinavyofanya kazi sawasawa baada ya kuungua moto. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akaifinyanga ikae kidoleni, akaifunika kwa ngozi ya koti kuukuu.

Jumatatu

Subana zangu zimekamilika. Plastiki peke yake haifai kabisa, inateleza juu ya uzi. Ngozi ndiyo inayoshika, ila iwe nyembamba, la sivyo unabana nyuzi mbili kwa mpigo.

Kigumu hasa ni kukosa hisia. Uzi ukigusa ngozi, kidole hakipati habari yoyote. Sikio ndilo linalokuambia kama umebana vya kutosha. Baada ya muda mkono wenyewe unaanza kukwepa kodi kubwa za gitaa (noti nyingi zinazopigwa kwa pamoja) na kukimbilia zile za noti mbili, kidole cha shahada upande mmoja na kidole cha mwisho upande wa pili. Kazi ya kutetemesha uzi nayo inaangukia kidole cha shahada. Nusu ya mtindo wa Iommi imeshajitokeza hapo kabla sijajifunza wimbo hata mmoja.

Jumatano

Leo zamu ya nyuzi. Zama zile nyuzi nyepesi za gitaa zilikuwa adimu, Iommi akachukua za banjo. Kufikia Master of Reality alikuwa ameshusha sauti ya gitaa kwa nusu toni tatu (nusu toni ni hatua ndogo kabisa kati ya noti na noti), uzi wa sita ukatoka noti ya E hadi C#. Nimepiga hesabu: mkazo wa uzi hufuata mraba wa masafa yake, kwa hiyo kushuka nusu toni tatu kunaubakiza na asilimia 71 hivi ya mkazo wa awali. Kwa vidole vinavyouma, hiyo ni nafuu kubwa.

Ila uzi uliolegea una tabia zake. Ukiubana kwa nguvu noti inapanda na kwenda nje ya toni, na ukiupiga kwa hasira unagonga freti, vile vipande vya chuma kwenye shingo ya gitaa. Unakulazimisha kupiga kwa utulivu, na hapa ndipo nilipoanza kuuona ule uzito.

Ijumaa

Rifu ya wimbo Black Sabbath, ambao ulirekodiwa kabla hajashusha nyuzi, ni noti tatu: G, G ya oktava ya juu, kisha C#. Kutoka G hadi C# ni nusu toni sita, umbali ambao sikio halitulii juu yake. Ile C# haiachwi ikae kimya, inachezeshwa haraka na noti iliyo juu yake. Kila nikiongeza mwendo, kitisho kinapungua. Nikirudi taratibu na kuiacha noti ife yenyewe, kinarudi.

Nimeshusha distosheni hadi nusu, uzito haukupungua. Nikajirekodi gitaa tupu bila besi, ukapotea wote. Geezer Butler, mpiga gitaa la besi wa bendi hiyo, mara nyingi alipiga rifu ileile chini ya gitaa, na tunachokiita sauti ya Iommi ni ya watu wawili. Sasa narekodi besi kwanza.

Jumapili

Solo nimezigusa tu. Nyingi zimejengwa kwenye skeli ya noti tano, na ile ya wimbo War Pigs imerekodiwa mara mbili, gitaa juu ya gitaa. Ni nzuri, lakini sikuzifuata hizo.

Nimesoma pia habari za Desemba 1968, Iommi alipokaa muda mfupi sana na bendi ya Jethro Tull. Alichorudi nacho kwa wenzake ni nidhamu ya kuanza mazoezi asubuhi. Nadhani kilisaidia zaidi ya kifaa chochote, ingawa vifaa ndivyo vinavyojadiliwa, hasa lile gitaa la Gibson SG alilolichukua baada ya gitaa lake la Stratocaster kuharibika studio.

Zamu inayofuata ni wimbo Children of the Grave, kwa mwendo wake halisi. Ngozi ya subana ya kidole cha pete imeshatoboka, kwa hiyo nitakata nyingine kwanza, na safari hii nitaigeuza upande wenye manyoya uwe nje nione kama itashika zaidi.