Nilivyokipanga Upya Kioo cha Saa Yangu

Saa janja yangu nimeivaa kwa miezi minane sasa, na miezi miwili ya mwanzo niliiacha kama ilivyotoka kwenye boksi. Kioo kiliwaka kila nilipoinua mkono, kikazimika baada ya sekunde chache, na wakati ulioneshwa kwa tarakimu kubwa nyeupe. Hapakuwa na kosa lolote katika mpango huo, isipokuwa haukupangwa kwa ajili ya mkaazi wa Likoni anayevuka maji kila asubuhi kwenda kazini Shimanzi, anayesali msikitini, na ambaye nyumbani kwao hakuna anayetaja saa kwa hesabu ya kizungu.

Nianze na hilo la hesabu ya saa, kwa sababu ndilo lililonifanya nifungue mipangilio kwa mara ya kwanza. Siku moja nilimwahidi shangazi yangu wa Lamu kwamba ningempigia simu kesho yake saa kumi. Nilikuwa nimetupa jicho kwenye saa, nikaona 10:00, na ulimi ukaitamka tarakimu kama ilivyo. Nilipompigia asubuhi hiyo hakupokea, kwani alikuwa sokoni. Na alasiri alikaa na simu mapajani akiningoja, huku mimi nimeshaingia kwenye shughuli nyingine. Jioni aliniambia kwa upole, "Mwanangu, saa kumi ni saa kumi." Maneno hayo yaliniingia, maana kwa maisha yangu yote nimejua kwamba 10:00 ya asubuhi ni saa nne, na sikuwahi kukosea kabla ya kuvaa tarakimu mkononi.

Sababu yake nimeifikiria sana. Saa ya akrabu, au mishale kama wengi wasemavyo, haijawahi kumsumbua Mswahili: akrabu fupi ikielekea 7, jicho linavuka hadi upande wa pili na kukuta 1, nasi tunasema saa moja bila kufanya hesabu yoyote. Tarakimu hazina upande wa pili. Zinakulazimisha utoe sita au uongeze sita, na mtu mwenye haraka huisoma namba iliyo mbele yake tu. Kwa hiyo badiliko langu la kwanza lilikuwa kuuondoa uso wa tarakimu na kuweka uso wa akrabu wenye namba zote kumi na mbili, ingawa uso huo unachukuliwa na wengi kuwa wa kizamani.

La pili ninalipenda zaidi, na ningependa kila anayetaja saa kwa Kiswahili alijaribu. Nyuso nyingi za saa hizi zina nafasi ndogo ya kuonesha wakati wa mji mwingine duniani. Mimi nimechagua Tokyo. Japani iko mbele ya Kenya kwa saa 6 kamili, hivyo Mombasa ikiwa 7:00 asubuhi, Tokyo ni 1:00 mchana. Na kwetu ikiwa 3:30 alasiri, kule ni 9:30 usiku, yaani saa tisa u nusu yetu ileile. Muhimu ni kuchagua mpango wa saa 12, kwa kuwa ule wa saa 24 utakuonesha 13:00 na 21:30 na kukurudisha kwenye hesabu. Tena Japani haisogezi saa zake kwa kufuata majira, kwa hiyo ukishapanga umepanga.

Badiliko la tatu lilitoka msikitini. Ndani ya saa mna kifaa kinachohisi mwendo wa mkono, nacho hakiwezi kutofautisha mtu anayeinua mkono kutazama wakati na mtu anayeinua mikono kwa takbira. Alfajiri moja umeme ulikuwa umepotea, tukasali gizani, na kila niliponyanyua mikono, kwenda rukuu na kuinuka, kioo kiliwaka na kumulika safu nzima. Mzee aliyekuwa ubavuni mwangu alisubiri hadi tulipomaliza nyiradi, akanishika kiganja akasema, "Baba, hii taa yako ya mkononi haizimiki?" Siku hiyohiyo nilitafuta hali ya ukumbi wa sinema, ambayo kwenye saa yangu ina alama ya vinyago viwili. Ukiiwasha, kioo hubaki cheusi mpaka ukiguse au ubonyeze kitufe. Sasa naiwasha ninapovua viatu mlangoni.

Kwenye kivuko mambo ni kinyume. Asubuhi nasimama katikati ya umati, mkono wa kushoto umeshika chuma na wa kulia umebeba mkoba, wala hakuna nafasi ya kuuzungusha mkono ili kioo kiwake. Kwa safari hiyo natumia hali ya kuwaka daima, ingawa inakula chaji. Kioo cha saa yangu ni cha aina iitwayo OLED, ambacho hakina taa ya nyuma. Kila nukta hutoa mwanga wake yenyewe, na nukta nyeusi huwa imezimika kabisa. Ndiyo maana nimechagua uso mweusi wenye akrabu nene nyeupe: betri inapumzika, na hata jua la Likoni likipiga kwenye maji na kurudi usoni, zile akrabu bado zinaonekana. Mwangaza nimeuacha ujirekebishe wenyewe. Ila siku ya Ijumaa nikivaa kanzu, mkono wa kanzu hufunika sehemu inayopima mwanga na kioo hufifia, hivyo inanibidi niukunje kidogo.

Maandishi niliyaongeza ukubwa hatua moja, basi.

Kilichobaki ni tarehe. Mama yangu akisema usiku wa Ijumaa anakusudia usiku unaoanza Alhamisi jua linapotua, kama wazee wetu walivyohesabu siku zote, lakini saa yangu husubiri saa sita ya usiku ndipo ibadilishe siku. Nimepekua kila ukurasa wa mipangilio bila kupata pa kuirekebisha. Kwa sasa, kila Alhamisi baada ya magharibi, natazama kioo kikiandika Alhamisi na kumjibu mama kwamba naam, leo ni usiku wa Ijumaa.