Nilivyoacha kukimbiza kila teknolojia mpya, timu zangu mbili zikatulia

Ushauri ulionigharimu kuliko wote niliupata kwa mshauri tuliyemlipa hela nyingi: "Mfumo wenu umepitwa na wakati, vunjeni mwandike upya." Nilikuwa nimekabidhiwa timu mbili kwa mpigo, watengenezaji programu saba na watu wa data wanne, na sikutaka kuonekana mtu wa zamani. Nikakubali.

Tulikuwa na programu moja kubwa na kanzidata moja ya PostgreSQL, yaani ghala la data. Tukaikata ile programu vipande kumi na kitu, kila kipande kwenye kontena lake, yaani kifurushi chenye kila kinachohitaji ili kijiendeshe peke yake. Kubernetes ikavisimamia, Kafka ikabeba taarifa kutoka kipande kimoja kwenda kingine, na upande wa data tukajenga klasta ya Spark, kundi la kompyuta zinazogawana hesabu kubwa. Zana hizi sizisemi vibaya. Kafka ilizaliwa LinkedIn, Kubernetes ikatoka Google mwaka 2014, kwa watu waliolemewa na mzigo kweli. Data zetu sisi, za tangu tuanze kazi, zilienea kwenye laptopu yangu na nafasi ikabaki. Hakuna aliyezipima kabla ya kuanza, na mimi ndiye niliyepaswa kuzipima. Baada ya miezi minane bili ya seva ilikuwa karibu mara tatu ya zamani, na ripoti iliyokuwa tayari kabla watu hawajafika kazini ikawa inatoka mchana.

Kilichonifumbua macho ni karatasi mbili. Dada wa uhasibu alizileta mezani kwangu, moja ya kwetu, moja ya kwake, amezungushia tarakimu kwa kalamu nyekundu. "Kaka, mauzo yenu ya tarehe 13 siyo yangu, na ya tarehe 14 siyo yangu. Ila jumla ya wiki karibu inalingana. Inakuwaje?"

Tulihangaika siku mbili. Tukashuku Kafka inapoteza ujumbe, tukahesabu mmoja mmoja, zote zipo. Tukashuku Spark, tukarudia hesabu kwa mkono, ni zilezile. Jioni ya siku ya pili kijana mmoja wa data akafungua jedwali la malipo, akayapanga kwa saa, akanyamaza. Kisha akawageukia watengenezaji programu upande wa pili wa chumba: "Jamani, hii safu ya muda mmeibadilisha lini?" Wiki tatu zilizopita, kumbe. Walikuwa wameitoa kwenye saa za kwetu wakaiweka kwenye UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa chache. Kiufundi walikuwa sahihi, hata mimi ningeshauri hivyo. Lakini watu wa data hawakuambiwa, wakaendelea kufunga siku saa sita usiku kama kawaida. Wateja wetu wengi hulipa usiku wa manane, basi malipo yao yote yakawa yanaandikwa siku ya jana. Jumla ya wiki ilikaribiana kwa sababu zilizopotea ni saa chache tu za mwanzo na mwisho wa wiki.

Kati ya meza ya aliyebadilisha na meza ya aliyeumia palikuwa na hatua kama kumi na tano. Usiku ule sikulala vizuri. Tulikuwa tumenunua kila kitu isipokuwa mazungumzo.

Nikaweka sharti moja: mabadiliko yoyote yanayogusa jedwali hayaingii mpaka mtu wa data ayapitie na kuyakubali. Watengenezaji programu walinuna. "Bosi, unatupunguzia mwendo." Nilishikilia, na ndani ya mwezi wao ndio waliokuwa wanawaita wenzao mapema. Tukaongeza pia kipimo kinachojiendesha usiku: kama aina ya safu imebadilika au jumla ya siku imeruka ovyo, ripoti haitoki. Iliyochelewa naweza kuieleza kwa wakubwa. Iliyodanganya siwezi.

Vile vipande tukavirudisha ndani ya programu moja, tukabakiza viwili vilivyostahili kweli kukaa peke yao. Hesabu zikarudi kwenye SQL, lugha ya kuuliza kanzidata iliyoanzia IBM miaka ya 1970 na ambayo kila wimbi jipya linaikuta palepale. Mama mmoja wa timu ya data, aliyekuwa akiambiwa ajifunze Spark haraka au aachwe nyuma, alikaa na ripoti iliyokuwa inachukua saa mbili. Akaweka faharasa kwenye safu mbili ili kanzidata itafute haraka, akaandika upya swali lake la SQL, ikakimbia dakika nne. Najivunia sana siku ile. Ukipata mtu wa namna hiyo, usimbadilishe kwa jina la zana.

Mwishoni mwa 2022 ikaja ChatGPT, na wakubwa wakataka akili mnemba ijibu maswali ya biashara. Sikukataa. Tulijaribu kwa ripoti moja. Tukaiuliza, "Tuna wateja hai wangapi?" Ikatoa namba tatu tofauti kwa siku tatu, kwa sababu majedwali yetu yalikuwa na maana tatu za mteja hai. Tukakaa na uhasibu na masoko, tukaelewana maana moja, tukaiandika. Baada ya hapo hata binadamu waliacha kubishana.

Siku hizi anayetaka zana mpya anajaza ukurasa mmoja: inaondoa maumivu gani tuliyonayo leo, data zetu ni kubwa kiasi gani, tukishindwa tunaitoaje, na ikianguka usiku nani anaamshwa. Mapendekezo mengi hufia kwenye swali la pili. Juzi kijana wetu mdogo kuliko wote ameleta lake la kupima msimbo, yaani maandishi ya programu, kwa akili mnemba kabla haujapitiwa na mtu. Kwenye mstari wa nani anaamshwa ameandika jina lake mwenyewe na namba ya simu. Nimempa wiki mbili, anaanza Jumatatu.