Kukhu na WECO yake

Nimerudi Kakamega baada ya miaka mingi Ufini, na kila nikiketi mahali swali ni lile lile: umeuonaje mji? Wanataka niseme umekua, na umekua kweli. Barabara ya kutoka Kisumu imetengenezwa upya. Ukitoka mjini kuelekea Webuye, mashamba ya mahindi niliyoyaacha yameota ghorofa za kupangisha wanafunzi. "Chuo kimeleta maendeleo," wanasema, wakimaanisha Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Hapo mimi na kukhu wangu, yaani nyanya yangu, hutikisa vichwa, kila mmoja kwa sababu zake.

Kukhu yuko Malava na hajawahi kutamka Masinde Muliro akimaanisha chuo. Masinde kwake ni mtu: yule aliyesomea Cape Town, akawa miongoni mwa Waafrika wanane wa kwanza kuchaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957, uzeeni akapigania vyama vingi, na Agosti 1992 akafariki Nairobi, uwanja wa ndege, akitokea London. Huyo ndiye Masinde. Chuo ni WECO. Nilipopata barua ya kujiunga mwaka 2004 nilimpelekea mbio, nikidhani mimi ndiye wa kwanza katika ukoo kufika pale. Akaipokea, akaipindua, akanirudishia. "Mimi nilikutangulia," akasema. "Nilimtuma jogoo."

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 harambee ilikuwa imeshika moto, na kila eneo lilitaka chuo chake cha ufundi. Watu wa Nyeri walichangia Kimathi. Majirani zetu Waluo walichangia Ramogi pale Kisumu. Sisi wa Magharibi hatungekubali kuachwa nyuma, basi tukachangia Chuo cha Magharibi cha Sanaa na Sayansi Tumizi, ambacho kwa ufupisho wake wa Kiingereza ndicho WECO. Kulikuwa na siasa ndani yake na fahari ya kabila, tusidanganyane. Ila pesa zilitoka kwa watu ambao wengi wao hawakuwa nazo. Asiye na shilingi alibeba ndizi, mayai au kuku hadi kwenye baraza, na vitu vikapigwa mnada. Kukhu husimulia kwamba jogoo wake alinunuliwa na mwalimu, mwalimu akamrudisha mezani apigwe mnada tena, akanunuliwa na mwenye duka, naye akamrudisha vilevile. Ninavyoshuku, kila mwaka jogoo huyo huongezewa mnunuzi mmoja. Lakini hivyo ndivyo harambee zilivyokwenda, na mtu aliyeona kuku wake akizaa pesa namna hiyo hawezi kukubali umwambie kwamba chuo "kililetwa".

Alichangia nini hasa? Mafundi. Hilo halina utata kwake. Waliambiwa vijana watajifunza kazi za mikono, wajue kujenga, kuchomelea na kutengeneza injini, ili Magharibi isiwe inaagiza fundi kutoka mbali.

Mwaka 2002 mahali pale pakageuzwa kuwa chuo kikuu kishiriki cha sayansi na teknolojia, chini ya Chuo Kikuu cha Moi. Ndicho nilichoingia mimi. Tulikuwa wachache kiasi kwamba ukikosa kipindi mhadhiri anajua ni nani, na majengo mengi yalikuwa mafupi, ya zamani, yenye sura ya karakana kuliko ya chuo kikuu. Marafiki zangu waliokwenda Nairobi walikuwa wakinicheka. Sheria ikapitishwa mwaka 2006, na Januari 2007 tukawa chuo kikuu kamili chenye jina la mzee Masinde. Kwa hiyo mimi na wenzangu tuliingia kwa mlango wa Moi tukatokea kwa mlango wa Masinde Muliro.

Maisha yenyewe yalikuwa ya kubanana. Mwanafunzi wa serikali alilipa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka, kiwango kilichodumu tangu miaka ya 1990, na mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, ukiingia mji mzima ulijua: foleni benki, viatu vipya Jumamosi, nyama choma kwa watu ambao wiki iliyopita walikuwa wakikopa mandazi. Wiki chache baadaye tumerudi kwa chapati na madondo. Hosteli hazikutosha. Aliyepata kitanda alimkaribisha mwenziwe, wawili godoro moja, na huyo wa pili alijua kutoka alfajiri kabla msimamizi hajapita. Tulipika kwa koili ya umeme iliyofichwa chini ya kitanda. Koili zikiwa nyingi stima inakatika, bweni zima linapiga kelele, na kila mtu anamlaumu jirani. Siasa ndizo zilitufanya tujione wakubwa. Kamukunji, yaani mkutano wa wanafunzi wote, ikiitishwa hata wasio na la kusema walikwenda, na nilisikia pale hotuba kali kuliko nyingi za bungeni, nyingine kuhusu sera ya elimu, nyingine kuhusu unene wa ugali.

Na mvua. Asiyekaa Kakamega hajui. Asubuhi jua, saa tisa alasiri mawingu, saa kumi unavua viatu kuvuka matope ya mtaa wa Sichirai ukiwa umeweka noti zako ndani ya karatasi ya nailoni.

Wenzetu waliosomea usimamizi wa majanga tuliwatania kwamba wanasubiri msiba ndipo wapate kazi. Chuo chetu kilikuwa miongoni mwa vya kwanza nchini kulifundisha somo hilo. Kisha uchaguzi wa Desemba 2007 ukaleta yale tuliyoyaona, nyumba zikachomwa, familia zikalala kwenye viwanja vya maonyesho na vituo vya polisi. Utani ule uliisha.

Mwaka wangu wa mwisho nilipanga chumba mtaa wa Kefinco. Nilikaa pale nikipanga ndoo kwenye foleni ya maji bila kujiuliza jina la mtaa linatoka wapi. Ni la mradi wa maji wa Kenya na Ufini, ambao miaka ya 1980 ulichimba visima na kuweka pampu za mkono vijijini kote Magharibi. Miaka baadaye nikiwa Tampere, mji wa Ufini, nikimlisha uji mzee mmoja katika nyumba ya kutunzia wazee, nilimtajia Kakamega. Akaweka kijiko chini akauliza kama pampu bado zinafanya kazi. Sikuwa na jibu, nikamwambia nitakwenda kuangalia. Ya Malava, karibu na kwa kukhu, ilishakauka mkono. Watu wamerudi kwenye chemchemi, na wenye uwezo wana matangi.

Nilisomea ualimu wa hisabati na fizikia, nikaishia kulisha wazee uji. Sina aibu nayo, kazi ni kazi. Ila kule ndiko nilikoanza kumwelewa kukhu. Fundi bomba aliyekuja kazini kwetu alikuja na gari lake, akafanya kazi yake, akaandika malipo ambayo yaliwafanya wauguzi watazamane. Hakuna aliyemwona kama mtu aliyefeli shule.

Sisi tulifanya nini? Vyuo vya ufundi vilivyojengwa kwa kuku na ndizi tulivipandisha cheo kimoja baada ya kingine. Kimathi ni chuo kikuu. Polytechnic ya Kenya na ile ya Mombasa zikawa vyuo vikuu vishiriki mwaka 2007 na vyuo vikuu kamili mwaka 2013. Kila kaunti ikataka chake. Kisha serikali ikaamka ikaona haina mafundi, ikaanza kujenga taasisi za ufundi upya na kuwabembeleza vijana waende. Sisemi WECO ingebaki karakana. Mimi mwenyewe nisingesoma, na Magharibi ilistahili chuo kikuu. Nasema tulipojenga ghorofa ya juu tuliibomoa ya chini, na hakuna aliyewauliza wenye jogoo.

Nilipitia chuoni wiki hii. Langoni unasimamishwa na kukaguliwa, jambo ambalo enzi zetu halikuwako. Tangu shambulio la kigaidi la Chuo Kikuu cha Garissa la Aprili 2015, lililoua watu 148, hakuna chuo ninachojua kinachomwacha mtu aingie akitembeza mikono. Ndani nilipotea. Majengo marefu, miti niliyoiacha miche imekuwa mikubwa, na wanafunzi ni wengi hadi nikasogea pembeni wapite. Nilimuuliza kijana mmoja WECO ilikuwa upande gani. Akafikiri ni jina la hoteli.

Binamu yangu mdogo aliitwa hapo pia. Akaketi na babake wakapiga hesabu za mfumo mpya wa ufadhili ulioanza mwaka 2023, ule wa kugawa familia kwa madaraja ya uwezo na kutoza karo kulingana na gharama ya kozi. Akaiacha barua mezani, akaenda chuo cha ufundi cha Sigalagala kusomea umeme. Mjomba alinuna muhula mzima. Kukhu alimchinjia kuku, heshima ambayo mimi na shahada yangu sikuipata.

Sasa senje, yaani shangazi yangu, ana ploti mtaa wa Koromatangi, na anataka niweke pesa za Ufini tung'oe mahindi tujenge vyumba vya wanafunzi. Ramani ameshachora. Nimezunguka mtaa huo jioni nikahesabu mabango ya "vyumba vipo", nikarudi bila hamu. Nimemwambia kama ni lazima tujenge, chini tuweke karakana, binamu aitumie akimaliza. Ameniambia nimekaa na wazungu mno. Kikao cha familia ni Jumapili baada ya kanisa, na kukhu ameomba aje kuchukuliwa Malava mapema.