Mfuko wa dawa wa mama

Leo nilikuwa kliniki na mama, hapa Moshi. Magoti yanamtesa miaka mingi. Mifupa huku, presha kule, duka la dawa katikati, na kila mtu anampa vidonge vyake.

Nesi anayeratibu matibabu yake kamwaga mfuko wote mezani. Katenga diklofenaki na ibuprofeni, zote dawa za maumivu.

"Mama, hizi ni ndugu. Ukizimeza pamoja unaumiza tumbo na figo, na presha inapanda."

Kampigia daktari palepale, moja ikaondolewa.

Kisha kachora jua au mwezi kwenye kila pakiti. Mama hasomi bila miwani (na havai, eti inamzeesha 😂).

Kwenye daladala alizipanga mapajani njia nzima.

Wenye wazazi wenye maumivu sugu, nani anawafuatilia dawa?